Tangi, Kifaru na Gari la Mbio: Lugha ya Karakana katika Kueleza Uundaji wa Motokaa kwa Vyuma Chakavu

Kiingereza hutumia neno moja, “tank,” kwa vitu viwili visivyofanana: chombo cha kuwekea maji au mafuta, na mtambo wa vita uliovikwa deraya na uendao kwa minyororo. Kiswahili hakikuufuata mchanganyiko huo. Cha kwanza chaitwa tangi, na cha pili chaitwa kifaru. Vita Kuu ya Pili ilipokwisha mwaka 1945, vyombo vya aina zote mbili vilibaki kwa wingi bila kazi, na watu wakaanza kufikiri namna ya kuvitumia. Kifaru kiligeuzwa trekta kikaletwa Tanganyika kufyeka pori. Tangi lililokuwa likining’inia chini ya ndege liligeuzwa bodi ya motokaa ya mbio huko California. Jaribio la kwanza halikufaulu. La pili lilifaulu hata likawa mwanzo wa jamii nzima ya magari.

Makala haya yaeleza kazi hizo mbili, na kwa urefu zaidi ile ya pili, kwa maneno yasemwayo katika karakana za magari za Tanzania. Yako maswali mawili ya kujibiwa. Je, lugha ya mafundi yatosha kueleza uundaji wa chombo kilichobuniwa mbali na nchi? Na pale isipotosha, upungufu uko wapi: katika majina ya vitu, au katika majina ya fikira?

Mji wa Songea, makao makuu ya mkoa wa Ruvuma, umechukuliwa kuwa kipimo kwa sababu tatu. Kwanza, uko mbali na pwani, na Kiswahili chake kimekuwa lugha ya kuwakutanisha Wangoni, Wandendeule, Wamatengo, Wayao na wengineo. Neno la ufundi likieleweka hapo, limekwisha kutoka katika mipaka ya bandari na reli. Pili, kazi ya chuma si ngeni katika nchi zile. Wapangwa, walio jirani upande wa milima ya Livingstone, waliyeyusha mawe ya chuma katika tanuru zao tangu zamani, na wamisionari Wabenedikti walioanza kazi Peramiho mwaka 1898 walijenga baadaye karakana za kufundishia ufundi. Tatu, mji uko zaidi ya mita 1,000 juu ya usawa wa bahari, hali inayokaribia ile ya uwanda wa chumvi wa Bonneville katika Marekani, ulio mita 1,280 hivi, ambako magari yatakayoelezwa hushindana. Maana ya kimo hicho itaonekana mbele.

Asili ya majina

Neno “tank” kwa mtambo wa vita lilizaliwa kwa hila. Waingereza walipokuwa wakiunda mtambo huo mwaka 1915, walitaka adui asijue, wakasema kwamba vyuma vile vikubwa vilikuwa vyombo vya kuchukulia maji. Jina la uongo likabaki hata baada ya mtambo wenyewe kuonekana vitani mara ya kwanza, tarehe 15 Septemba 1916, katika mapigano ya Somme. Neno lenyewe lilikuwa la zamani zaidi: wataalamu wa Kiingereza hulihusisha na majina ya mabirika ya maji katika Kigujarati na Kimarathi, na kwa upande mwingine na neno la Kireno “tanque.”

Lugha nyingine zilichagua njia zao. Wajerumani walitazama mavazi ya mtambo, wakauita “Panzer,” yaani deraya. Waarabu walitazama mwendo wake, wakauita “dabbaba,” kutokana na kitenzi cha kutambaa. Waswahili walitazama umbo na tabia: mnyama mzito, mwenye ngozi isiyopenya, aendaye mbele bila kujali kilicho njiani. Hapo jina halikuazimwa, lilitolewa porini.

Jambo la kupendeza kwa mwanasarufi ni kwamba jina hilo halikuleta utata wowote. Kifaru mnyama, ijapokuwa ana kiambishi ki-, huchukua upatanisho wa viumbe vyenye uhai: kifaru amekwama matopeni, vifaru wamekwama. Kifaru mtambo hurudi katika ngeli ya kiambishi chake: kifaru kimekwama, vifaru vimekwama. Msikiaji hahitaji kuuliza ni kifaru gani. Kitenzi kimekwisha kumwambia. Tangi nalo liliingia katika ngeli ya matunda na mawe: tangi limetoboka, matangi yametoboka. Hivyo, jambo ambalo Kiingereza hulazimika kulipambanua kwa kuongeza maneno, Kiswahili hulipambanua mara mbili, kwa jina na kwa sarufi.

Kifaru kilichotumwa kulima

Mwaka 1946 serikali ya Uingereza, iliyokuwa na upungufu mkubwa wa mafuta ya kula, ilipokea shauri la kulima karanga katika zaidi ya ekari milioni tatu za Afrika Mashariki na ya Kati. Sehemu kubwa ya mashamba hayo ilikuwa iwe Tanganyika. Kazi ilianza Kongwa mwaka 1947, na baadaye ikafika Urambo na Nachingwea. Nachingwea ilikuwa katika Jimbo la Kusini, jimbo lile lile lililokuwa na wilaya ya Songea kwa wakati huo.

Matrekta mapya yalikuwa adimu baada ya vita. Kampuni ya Vickers-Armstrongs ikachukua vifaru vya Kimarekani vya aina ya Sherman, ikaviondolea mzinga na deraya ya juu, ikavipa sura ya trekta la minyororo. Jina lake likaundwa kwa kuunganisha vipande vya majina mawili: Shervick. Vyombo hivyo vililetwa Tanganyika kung’oa miti na kuvunja ardhi, lakini havikutimiza yaliyotarajiwa. Udongo wa Kongwa ulikuwa mgumu kama saruji wakati wa jua na wenye mchanga wa kusaga chuma. Majembe na mashine za kila namna ziliharibika upesi. Mpango wote uliachwa Januari 1951, na hasara ilikadiriwa kuwa pauni milioni 36 hivi.

Kwa fundi, somo la Shervick laweza kusemwa kwa maneno machache. Kifaru kiliumbwa ili kibebe uzito wake mwenyewe, kiende kasi kwa muda, kisha kisimame. Trekta huvuta mzigo wa nyuma polepole, kutwa nzima, bila kupumzika. Chuma kilikuwa kizuri, lakini umbo lake halikupatana na kazi mpya. Chuma chakavu hakifai kwa sababu ni rahisi kupatikana. Hufaa pale tu ambapo kazi mpya yafanana na ile ambayo chuma kiliumbiwa.

Lugha ilipata zaidi ya shamba. Mashine za kusukuma udongo na kung’oa visiki zilikwisha kupata majina mawili katika Kiswahili: katapila, lililotoka katika jina la kampuni ya Kimarekani ya Caterpillar, na tingatinga, lililoigwa na sikio kutoka katika mlio wa injini. Jina la biashara likawa jina la jamii, na mlio ukawa jina la kitu.

Tangi lililotumwa kukimbia

Ndege za kivita zilizosindikiza ndege za mabomu hazikuweza kuchukua mafuta ya kutosha ndani ya mabawa yake. Zikafungiwa matangi ya ziada, chini ya tumbo au mabawa, ambayo rubani aliyaachia yaanguke mafuta yalipokwisha au adui alipotokea. Kwa kuwa lilikokotwa hewani kwa mwendo mkubwa, tangi la namna hiyo lilipewa umbo la tone: pua ya mviringo, tumbo pana kiasi, na mkia mrefu unaopungua polepole.

Bill Burke, kijana wa California aliyeyaona matangi hayo katika Pasifiki wakati wa vita, alinunua moja mwaka 1946 kwa bei inayotajwa kuwa dola 35. Lilikuwa tangi dogo, la galoni 165. Aliweka injini mbele na dereva nyuma yake, akakimbia katika ziwa lililokauka kwa mwendo wa maili 131 kwa saa, yaani kilomita 210 na zaidi. Baadaye alitumia tangi kubwa zaidi, la ndege aina ya P-38, lenye nafasi ya galoni zaidi ya 300. Hilo lilimwezesha kumkalisha dereva mbele na kuificha injini nyuma yake, ndani ya tangi. Mpango huo ndio uliofuatwa na wengi. Mwaka 1952 gari la tangi la karakana ya So-Cal, iliyokuwa ya Alex Xydias, lilifikia maili 198 kwa saa huko Bonneville, sawa na kilomita 319 hivi.

Waundaji hawa hawakuwa matajiri. Injini aghalabu ilikuwa ya Ford yenye silinda nane, iliyotolewa katika gari la kawaida. Ekseli, usukani na giaboksi vilitoka katika magari mabovu. Kilichowapa ushindi ni bodi, nayo ilikuwa takataka ya vita. Sababu yake yahitaji kuelezwa, maana ndiyo roho ya jambo zima.

Hewa kama mpinzani

Gari liendapo polepole, kinachokula nguvu zake ni msuguano wa tairi, gia na beringi. Mwendo unapozidi, hewa huwa mpinzani mkubwa kuliko wote. Mwendo ukiongezeka mara mbili, hewa huzuia mara nne. Na kwa kuwa gari lapita katika hewa hiyo kwa haraka maradufu, injini hudaiwa nguvu mara nane. Fundi aliye na gari liendalo kilomita 100 kwa saa, naye ataka liende kilomita 200, hawezi kutosheka na injini ya pili kama ile ya kwanza, angehitaji nane.

Iko njia nyingine, iliyo rahisi zaidi: kupunguza kile ambacho hewa hukutana nacho. Ukubwa wa uso wa gari na ubora wa umbo lake huzidishwa pamoja, na tokeo lake ndilo linaloamua. Mfano wa hesabu waweza kusaidia. Tuseme gari la zamani lililo wazi lina tokeo la mita za mraba 1.2, na gari la tangi lina 0.3. Kwa kilomita 200 kwa saa, katika kimo cha Songea, gari la kwanza lahitaji kilowati 113 hivi za kushinda hewa peke yake. La pili lahitaji kilowati 28. Tofauti hiyo ya mara nne imepatikana kwa bati, bila kuigusa injini.

Watu wengi hudhani kwamba pua ndiyo inayopasua hewa na kwamba ikichongoka kama mkuki kazi imekwisha. Kwa mwendo wa magari haya, mkia ni muhimu zaidi. Hewa iliyosukumwa kando na tumbo la chombo yapaswa kurudi pamoja taratibu nyuma yake. Chombo kikikatika ghafula, hewa hushindwa kujifunga, hujizungusha, na nyuma ya chombo hubaki mahali penye mgandamizo mdogo panapolivuta gari kurudi nyuma. Wavuvi wa Mbamba Bay, ng’ambo ya milima kutoka Songea, hawahitaji kufundishwa neno hilo kwa upande wa maji: mtumbwi ulionyooka nyuma hupita kimya, na gogo lililokatwa mraba huacha vilindi vya maji yanayozunguka.

Kimo nacho chaingia hapa. Katika mita 1,000 na zaidi hewa huwa nyepesi kwa kadiri ya sehemu moja katika kumi kuliko ya pwani, hivyo huzuia kidogo zaidi. Walakini injini isiyo na mashine ya kuisukumia hewa hupumua hewa hiyo hiyo nyepesi, nayo hupoteza karibu kiasi kile kile cha nguvu zake. Faida ya kwanza yaliwa na hasara ya pili, ila kwa yule awezaye kuilisha injini hewa kwa nguvu.

Namna ya kuliunda

Kazi huanza kwa kulikata tangi katika nusu mbili, ya juu na ya chini, kwa urefu. Nusu ya chini hupokea fremu ya mabomba ya chuma yaliyochomelewa. Nusu ya juu huwa kifuniko, na hukatwa tundu la kichwa cha dereva. Bati la tangi ni jembamba, wala halikuumbwa kubeba injini. Kosa la anayeanza ni kufunga vyuma vizito kwenye bati. Uzito wote hukaa juu ya fremu, na bati huvikwa tu kama shati.

Magurudumu hubaki nje, na ekseli hupenya tangi kwa matundu madogo iwezekanavyo. Ekseli ya mbele huwa nyembamba. Ya nyuma hubeba difu. Magari mengi ya jamii hii hayakuwa na springi za nyuma, maana uwanda wa chumvi ni tambarare, na kila kilichotolewa kilipunguza uzito na uso. Barabara ya kokoto isingevumilia mpango huo.

Difu yastahili maelezo, kwa kuwa hapo ndipo gari la mizigo hutengana na gari la mbio. Difu ndiyo inayoamua injini izunguke mara ngapi ili gurudumu lizunguke mara moja. Tuchukue injini inayozunguka mara 4,000 kwa dakika, gia ya juu isiyobadilisha mzunguko, na tairi lenye mzingo wa mita 2.2. Difu ya 4.11 hulizungusha tairi mara 973 kwa dakika, na gari huenda kilomita 128 kwa saa. Difu ya 2.75 hulizungusha mara 1,454, na mwendo huwa kilomita 192. Injini ni ile ile na tairi ni lile lile. Lakini gari la difu ya pili hushindwa kuondoka vizuri lilipo, na ndiyo sababu magari mengi ya namna hii husukumwa na gari jingine wakati wa kuanza, kisha dereva huachia klachi akiwa tayari katika mwendo.

Rejeta yaweza kuachwa. Mbio moja ni ya dakika chache tu, na tundu la kuingizia hewa ya kupoza lingeharibu pua. Badala yake huwekwa tangi dogo la maji ndani ya tangi kubwa, na maji yale huzunguka katika injini yakipokea joto hadi mwisho wa njia. Bomba la moshi hutolewa kando au nyuma, likielekezwa mbali na tairi na mafuta.

Uthabiti hutokana na mahali pa uzito. Mshale huenda sawa kwa sababu uzito uko mbele na manyoya yako nyuma, ukigeuzwa, hupinduka. Gari hufuata kanuni hiyo hiyo. Kitovu cha uzito chapaswa kuwa mbele ya mahali ambapo hewa hulisukuma kwa ubavu, ama sivyo pepo za kando hulizungusha. Injini ikiwekwa nyuma, fundi hulipa deni hilo kwa kuweka betri, maji na risasi za uzito mbele, au kwa kuongeza pezi mkiani.

Mwisho ni usalama, ambao katika miaka ya kwanza ulipuuzwa na watu wakafa. Bomba nene lililopindwa hupita juu ya kichwa cha dereva na kushikwa na fremu. Mikanda humfunga mabegani na kiunoni. Ukuta wa chuma humtenga na injini na mafuta. Kizima-moto huwa karibu na mkono. Tairi la kawaida la gari haliruhusiwi, kwa sababu kwa mwendo ule mpira wa juu huweza kubanduka. Kwa mwendo mkubwa zaidi mwavuli hufunguliwa nyuma kusaidia breki. Unafuu wa gharama hauwezi kutafutwa katika vitu hivi sita. Hutafutwa katika bodi, fremu na injini, na hapo tu.

Maneno yaliyotumika

Msomaji akirudi katika maelezo yaliyotangulia ataona kwamba karibu kila kifaa kimepata jina bila kutungwa. Maneno hayo yana asili tatu.

Kundi la kwanza ni la kuazima: gia, klachi, breki, injini, ekseli, giaboksi, betri, tairi, beringi. Hayakuingia ovyo. Silabi zilifunguliwa, irabu zikaongezwa mwishoni, na maneno marefu yakakatwa: jina la Kiingereza lenye silabi nne likabaki difu. Hakuna kamati iliyoamua hivyo. Midomo ya watu wa kazi iliamua. Hata neno gari lenyewe lilitoka katika lugha za Kihindi, likaishinda motokaa katika usemi wa kila siku.

Kundi la pili ni la maneno ya zamani yaliyopewa kazi mpya. Usukani ulikuwa chombo cha kuongozea jahazi kabla haujawa gurudumu mikononi mwa dereva. Mataruma yalikuwa mbavu za chombo cha bahari, yakawa mihimili iliyo chini ya reli. Neno chombo lenyewe, lililokuwa la jahazi, limekuwa la kila kitu chenye moto na magurudumu. Haya ndiyo maneno yaliyookolewa kama tangi lilivyookolewa, nayo yalifaa kwa sababu ile ile: kazi mpya ilifanana na ile ya kwanza. Usukani bado waelekeza, na taruma bado lashikilia.

Kundi la tatu ni la viungo na tabia za viumbe hai: pua, tumbo na mkia wa tangi; meno ya gia; gari kunywa mafuta, kula tairi, kufa. Vitenzi hivi havichukuliwi kwa mzaha katika karakana. Fundi asemapo gari lakula tairi upande wa ndani, ametaja kasoro moja iliyo wazi ya mpangilio wa magurudumu, na mwenzake atajua aanzie wapi.

Palipo na pengo

Upungufu waonekana mahali pengine. Neno nguvu katika karakana hubeba mizigo mitatu kwa wakati mmoja. Lori linalopanda vilima vya Umatengo, kutoka Songea kwenda Mbinga, lina nguvu. Gari la tangi katika uwanda wa chumvi lina nguvu. Mkono unaofungua nati kwa spana ndefu una nguvu. Mwanafizikia huona hapo mambo matatu: kani ya kusukuma, uwezo wa kufanya kazi kwa muda fulani, na kani ya kuzungusha. Tofauti hiyo ndiyo iliyoelezwa katika habari ya difu, nayo ililazimika kuelezwa kwa tarakimu, kwa kuwa neno moja la karakana lisingeibeba.

Hali ni hiyo kwa mwendo. Fundi husema gari limechanganya, akimaanisha kwamba linaongeza mwendo wake kwa haraka. Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia, iliyotolewa na Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili mwaka 1990, yapendekeza istilahi za taaluma kwa fikira za namna hii, na mchapuko ni miongoni mwa istilahi za fizikia zilizoenea. Mchapuko umetokana na kuchapuka, neno zuri la Kiswahili. Kuchanganya nako ni neno la Kiswahili. Yote mawili yataja jambo moja, lakini moja lakaa katika kitabu na jingine lakaa chini ya gari, na ni nadra yakutane.

Kwa kizuizi cha hewa hakuna hata neno moja la karakana lililokubaliwa. Mtu atasema upepo unakinga, au hewa inabana. Istilahi ya ukinzani, iliyotokana na kukinza, yafaa sana, na mtu yeyote wa Songea aweza kuielewa akielezwa mara moja. Lakini haijaelezwa. Kijana anayekwenda sekondari hukutana na fikira hiyo kwa Kiingereza, lugha ya kufundishia katika shule hizo, na aghalabu huikariri ili ajibu mtihani. Kijana wa umri wake aliyekwenda kujifunza gereji hukutana na kitu chenyewe kwa mikono yake, wala hapati neno la kukishikia. Mmoja ana jina lisilo na kitu, na mwenziwe ana kitu kisicho na jina. Sera ya Elimu na Mafunzo ya mwaka 2014 ilifungua mlango wa kutumia Kiswahili katika ngazi zote, lakini mlango haupitiki bila mizigo kufungwa.

Hitimisho

Jibu la swali la kwanza, basi, ni kwamba lugha ya mafundi yatosha kwa vitu. Motokaa ya tangi yaweza kuelezwa kutoka pua hadi mkia mbele ya fundi wa Songea, naye asikwame kwa jina la kifaa. Jibu la pili ni kwamba upungufu uko katika fikira zinazounganisha vitu hivyo: kani, uwezo, ukinzani, mchapuko, uthabiti.

Mambo matatu yafuata. La kwanza, kazi ya istilahi haina haja ya kuanza upya kwa majina ya vifaa. Tangu Kamati ya Kiswahili ilipoundwa mwaka 1930 hadi Baraza la Kiswahili la Taifa lililoanzishwa mwaka 1967, orodha nyingi zimetungwa mezani. Maneno ya karakana yapaswa kukusanywa kwanza, pamoja na sentensi zake na upatanisho wake wa ngeli, kwa maana sarufi ya kifaru imeonyesha jinsi upatanisho unavyobeba maana. La pili, neno la zamani lifanyiwe kama chuma chakavu kinavyofanyiwa na fundi mwenye akili: litazamwe liliumbiwa nini kabla ya kupewa mzigo. Usukani ulipewa kazi iliyoufaa; Shervick ilipewa kazi isiyoifaa, ikavunjika. La tatu, istilahi za fikira zipelekwe mahali ambapo fikira hizo zatumika, katika vyuo vya ufundi stadi na katika gereji, zikiwa zimefungwa kwenye mfano wa difu, mshale na mtumbwi, wala zisiachwe katika kamusi zikingoja kusomwa na wale wasioshika spana.

Kijana anayejua kwamba mwendo maradufu wadai nguvu mara nane hatatupa fedha zake kwa injini ya pili. Atatazama kwanza umbo la bodi. Hesabu hiyo ni fupi, na Kiswahili chaweza kuisema yote. Kilichobaki ni kuisema mahali anapoweza kuisikia.